Mlizamu

Kwangu mimi anaitwa Karani,
kwa sababu hushinda juu ya cherehani iliyokufa
akimkagua kila apitaye uchochoroni
kama anayeandika madeni ya mtaa.
Sikio la kushoto halina ncha.
Adabu hana. Samaki wa jana hali.

Kaskazi ilipochacha, kuta za matumbawe zikihema joto
hadi usiku wa manane,
alijilaza sakafuni, miguu minne ikitazama pande nne,
na punda wa Shali akasimama kwenye kivuli chetu,
uso kaupachika ukutani
kama mtoto aliyeadhibiwa chuoni.

Ramadhani ikatukuta humo humo jotoni.
Karani hafungi, lakini daku anaijua kuliko mimi:
saa tisa kasorobo, kabla mpiga ngoma hajafika Mkomani,
ananikanyaga kifua.
Tunakula wali uliolala na kipande cha nguru,
kisha anatokea dirishani, ndevu zinanuka mchuzi,
nami simwulizi.
Paka haulizwi safari.

Ng'ambo ya ukuta aliishi Bi Somoe.
Miaka sita hatukusemezana.
Ugomvi ni mlizamu wa paa langu:
masika moja ulivunjika shingo, ukamwaga maji dakani kwake,
juu ya mikeka ya harusi ya bintiye,
na biriani ikaogelea.
Akanena. Nikanena, nikazidisha.
Nikaapa kutougusa mlizamu ule hadi aniombe radhi,
naye hakuwa mtu wa kuomba.
Basi tukawa tunasalimiana kwa kufunga madirisha,
yeye lake, mimi langu,
pa! pa!

Alifariki kumi la mwisho, siku ya Alhamisi.
Nilibeba jeneza, nikamwaga udongo, nikarudi nyumbani
na mikono isiyojua ikae wapi.
Karani hakuja daku usiku ule, wala wa pili.
Siku ya tatu nikaenda hitimani,
nikamwona dakani, katikati ya viatu vya watu,
amekalia kimoja cha imamu.

Mara Thureya, mjukuu, akatoka na sahani:
"Famau! Famau, ndoo ule!"

Nikageuka.
Paka naye akageuka.

Famau ni mimi.

Mtoto akaziba mdomo kwa mtandio.
Akanambia, bila kunitazama,
kwamba kila alfajiri bibi alimtilia maziwa kisahanini,
akimsuta taratibu:
"Famau, kunywa. Kunywa, mwanangu,
hata kama mlizamu hujautengeza."

Nilikula wali wa hitima.
Haukupita vizuri kooni.

Mfungo Mosi haujaisha, masika ikabisha hodi
kwa matone manene kama kunde.
Nikapanda paani na bati, misumari na nyundo ya kuazima.
Thureya akanishikia ngazi bila kuombwa.
Karani, au Famau, sijui tena,
alikaa kwenye daka kavu akitukagua.
Nilitaka kusema neno kuelekea dirisha lile.
Nyundo ikasema.

Sasa ni kusi. Asubuhi zina baridi ya kuvalia koti.
Paka ana milango miwili na huitika majina yote,
mradi pana samaki, na samaki awe wa leo.
Maji ya paa niliyaelekeza uchochoroni,
na uchochoroni, kumbe, ndipo alalapo punda wa Shali.
Kila manyunyu yakipita, yanamshukia mgongoni.

Shali ameanza kuninunia.
Juzi nilimsikia akimsukuma punda wake, akimwita kwa jina.
Sikulisikia vizuri.
Naogopa kuuliza.