Kwa Shinuna, kutoka Duka la Dawa, Ruwi

Hamsini si mauti, Shinuna, acha kulia,
Toa uvunguni cheti, tuione fizikia.
Nami, usione koti, darasa nilirudia,
Wala siyo kwa bahati, koti nimelifikia.

Mpika haluwa, Nizwa, siku nzima azungusha,
Mwiko ukisimamishwa, moto huikorofisha.
Saa moja kila kuchwa, yashinda mwezi kukesha.
Simu nayo ikizimwa, dunia haitakwisha.

Usichojua, uliza, Kiarabu kikikwama.
Nilikaa najikaza, nyuma, kimya, nikihema,
Mpaka abla Faiza, kanivuta kwa huruma,
Akanipa chaki: “Anza, kosa nalo ni kusoma.”

Binamu yako Khuludi, mwachie tisini zake.
Yako wewe ikizidi, kwa moja tu, uicheke.
Kunakili ni hasidi, kutakuacha upweke,
Mtihani ukirudi, mkono usiandike.

Sasa lala. Kesho basi, lapiga honi njiani.
Tende mbili na gilasi, ya chai, tia tumboni.
Ijumaa, bila wasi, begi liwe mgongoni:
Tukoroge hiyo kasi, sitini i mlangoni.