Jina Lake ni Kidole Kidevuni

Mwaka mzima mhadhiri alitufundisha kwa kisogo,
akiunong'onezea ubao siri zake.
Mkalimani, walisema, hayumo kwenye bajeti.
Jenereta ya mgeni rasmi ilikuwemo.

Basi Jumatatu tukaketi, ishirini na wawili,
kwenye ngazi za ofisi kuu, hapa Lira, mvua ikinyemelea.
Askari aliinua kipaza sauti.
Baadaye tuliambiwa alisema: tawanyikeni.
Sisi tuliona mtu anatafuna muwa.
Akafyatua risasi hewani. Korongo wakapaa kutoka paani,
na ni korongo waliotuambia.

Akullo (kwetu sisi, kidole
juu ya kovu la kidevu) akasimama, akasema.
Alisema kwa vidole, kwa mabega, kwa nyusi:
ada tumelipa sawasawa,
na risiti akaichomoa kwenye soksi.
Wakamtia pingu, mikono nyuma.

Nyinyi mnaosikia, mkifungwa pingu
mnabakiwa na matusi, na dua, na jina la mama.
Yeye walimziba kinywa.

Alipokuwa akipandishwa garini
niliviona vidole vyake mgongoni vikihangaika.
Nikadhani ni maumivu.
Kumbe vinatafuta herufi,
moja moja, kinyumenyume, kwa kukosea na kurudia:
K, A, E, N, I.

Usiku umeme ukakatika.
Tukawasha simu, tukamulikiana viganja, tukabishana
mpaka karibu na alfajiri, kwa ukali, karibu tupigane.
Hakuna jirani aliyelalamikia kelele.