Sijaelewa, Rudia Tena

Shija alinipakulia kile kidude usiku wa safari,
stesheni ya Tabora, tumekalia ndoo ya asali.
"Shangazi, ukisema huku, chenyewe kinasema kule.
Kina lugha mia na kitu."
Nikamuuliza, Kiha kimo?
Akatelezesha kidole juu, chini, juu tena.
"Kiha hakimo. Kirundi kipo. Ni majirani hao, watasikilizana."

Basi nikapanda treni na posa ya Mihayo
nimeikunja ndani ya khanga mpya,
na lugha ya jirani nimeiazima ndani ya simu
yenye kioo kilichopasuka kama njia za mchwa.

Manyovu kuna baridi ya kudai sweta.
Mama Bukuru alitoka mlangoni, akainama kidogo,
akapiga makofi. Taratibu.
Akasema, akapiga tena, akasema.
Kwetu pia salamu ni ndefu,
ila hii ilikuwa na pindo mbili na bitana.
Nahisi aliulizia mvua, ng'ombe,
na wafu wangu mmoja mmoja.
Nikainyanyua simu. Ikasikiliza yote.
Ikaandika: Sijaelewa. Rudia tena.

Mihayo yuko kazini Geita,
Butoyi si wa kukaa mbele ya wageni siku ya kuposwa,
watoto wenye Kiswahili wako shule.
Tukabaki wawili, na yule mwanamke wa ndani ya simu,
sauti isiyo na kikohozi, isiyo na chumvi,
mtu ambaye hajawahi kumwita mtoto arudi ndani giza likiingia.
Nisimseme vibaya. Alijitahidi.
Wazee wangu walikuwa wapagazi,
walitoka Unyamwezi hadi Ujiji na mizigo ya watu mabegani
bila kujua ndani mna nini,
na mingi ilifika.
Wa kwake pia ulifika: ng'ombe wangapi, lini, nani atasimamia.

Ila mmoja ulimdondoka njiani.
Mama Bukuru alisema jambo kwa upole, mkono kifuani,
na simu ikatamka, kavu:
"Tumechoka kukungoja."

Nikanyanyuka nusu.
Umri wangu huu, treni usiku kucha,
nije niambiwe nimechosha watu?
Nilikuwa naitafuta kandambili ya pili
alipoingia mtoto wa darasa la pili, mgongoni daftari,
akamsikiliza bibi yake, akanigeukia:
"Anasema tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni,
alitaka mle pamoja."

Nikakaa. Kandambili nikaisukuma chini ya kigoda.
Mgebuka ukaletwa, na mawese, na ugali wa muhogo,
na simu ikazimika skrini yenyewe, hakuna aliyeigusa.

Kuagana, aliiomba kwa kidole.
Akaenda nayo hadi ukuta wa jikoni,
akaisogeza mdomoni kama anayepuliza moto,
akaiambia jambo refu. Kuku alipita humo humo katikati.
Akacheka. Akanirudishia
ikiwa na joto la kiganja.

Kabla ya Uvinza nikabonyeza.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
na mwanamke wa ndani akasema:
Sijaelewa. Rudia tena.

Nani arudie? Sauti nimeitunza, na kuku wake.

Jana, hapa Ng'ambo, niliiacha cherehani
nikampelekea Nduhiye, fundi viatu, Muha wa Kasulu.
Nikamwekea sikioni.
Akaitoa shazia mdomoni.
Akacheka mpaka kiatu cha mtu kikamponyoka.
Anasemaje?
Akafuta macho. "Mama, haya ni ya kwenu wawili.
Mimi niache nishone."

Kisha akainama kidogo, akapiga makofi mawili, taratibu,

nami nikapiga,
sindano zangu zingali kwenye kola,
sijui naitikia nini.