Vitobo Arobaini na Viwili

Famau, kaa kwenye kibao hicho, usinijibu kwanza.
Mimi nashona huku nikisema, unanijua,
na la leo lina aibu ndani yake,
afadhali macho yangu yawe kwenye sindano.

Ilikuwa wiki ya maulidi, Ndia Kuu haipitiki.
Kofia tatu, wageni watatu, kadi tatu.
Ile mashine ikalia kama kifaranga,
ikatoa ulimi wa karatasi.
Elfu sita. Elfu sita. Elfu sita.
Ukaandika daftarini: kumi na nane elfu,
ukapiga mstari chini kwa rula.

Ijumaa, kimya. Jumamosi, kimya.
Jumanne simu ikatetemeka juu ya cherehani:
kumi na saba elfu, mia tatu na sabini.

Mia sita na thelathini zimekwenda wapi?
Nyumba hii ina watu wawili na paka,
na paka hajui namba ya siri.
Nikakutazama miguuni. Ndara mpya.

Sikukuuliza. Hilo ndilo linalonichoma.
Nilianza kufunga saraka,
ufunguo nikautia kifuani,
nikamwambia mamako, mlangoni pake,
kwa ile sauti ya chini inayosikika hadi Langoni.

Hata nilipokwenda benki nilikwenda kukushitaki.
Karani, Dama, msichana wa Kigiriama mwenye miwani,
aligeuza risiti yangu akaandika mgongoni:
"Hajaiba mtu, mama. Ni ada."

Ada!
Ada naijua mimi. Ya kungwi, ya mwalimu wa chuoni,
ya mkunga aliyekushika wewe ukiwa mbichi.
Ada unampa mtu unayemwona uso.

"Hawa pia wapo," akasema, "ila wako mbali."
Katika kila elfu sita, mia mbili na kumi:
mia na ishirini ya benki ya mgeni, huko kwao,
maana ndiyo inayomdhamini;
thelathini ya wenye jina lililochapwa kwenye kadi,
maana njia ni yao;
sitini ya benki hii hii niliyokalia kiti chake,
kwa mashine, na kwa kunikusanyia.
Kadi ya ng'ambo hukatwa kuliko ya hapa.
Mgeni akirudisha kofia, ada hairudi naye.
Yote yalikuwa kwenye mkataba.
Nilitia sahihi, Famau. Sikusoma.

Njiani nikahesabu kwa hesabu yangu.
Kofia moja ina vitobo elfu moja na mia mbili,
kila kitobo shilingi tano.
Basi ishirini na vinne nimemtobolea mtu wa Ulaya,
sita wenye jina,
kumi na viwili benki.
Arobaini na viwili! Ni usiku mzima huo,
na taa, na mgongo.

Nikapandisha bei: elfu sita, mia mbili na kumi.
Nikajiona mjanja. Zikaja pungufu ya elfu sita
kwa shilingi saba na senti.
Nikainua simu nimtukane Dama,
na wewe, uliyekuwa huongei na mimi siku ya tisa,
ukasema bila kugeuka, ukifagia:
"Ulichoongeza nacho kimekatwa. Andika mia mbili na kumi na minane."
Ukaendelea kufagia.

Nimekwenda kwa mamako. Nimesema kwa sauti ya juu,
kibaraza kizima kimesikia, na wasiohusika.
Ameniambia ndara zile alizinunua yeye,
kwa pesa za mkate wa mofa.

Ufunguo wa saraka huo hapo, msumarini.
Na hii ninayoshona si ya dukani,
usiitafutie bei.
Inamisha kichwa nipime.
Ikiisha utahesabu mwenyewe, mmoja mmoja,
elfu moja na mia mbili.
Kikipungua hata kimoja, niulize.
Mimi niulize.