Kilemba cha Ukoka

Rouen, mwezi wa Machi, mvua ya manyunyu,
na Bwana Anselme de Vauclair yuko tena mlangoni,
anapangusa viatu mara tatu,
utadhani matope ndiyo yaliyomleta.

"Kofia," asema, "ya dada yangu."
Wiki iliyopita ilikuwa ya shangazi.
Kabla yake, binamu mgonjwa wa Dieppe
ambaye, maskini, alitamani manyoya ya mbuni.

Bibi Gaudry yuko nyuma ya pazia, anahesabu pini.
Akihesabu hasikii kitu.
Akinyamaza, husikia hata uzi ukipita tunduni.

"Kichwa chake kikubwa kiasi gani, Bwana?"
"Kama chako hivi. Labda ukijipima wewe..."
Basi najizungushia utepe, polepole,
naye autazama
jinsi mlevi atazamavyo kizibo.

Niseme kweli: ana vidole vizuri.
Vimeshika ukingo wa hariri ya samawati
kama kikombe kinachounguza,
na poda ya nywele zake za bandia
imemmwagikia begani, kama mtoto wa mwoka mikate.
Napenda hivyo. Simwambii.

"Bi Perrine, nyota zikikuona
zitaona haya, zirudi kulala."
Nacheka na pini mdomoni, jambo la hatari.
"Bwana wangu, vilemba vya ukoka
tunavisuka wenyewe humu dukani.
Faranga nne kimoja. Utepe bei yake mbali."

Anacheka pia, kisha anaona kofia yangu:
kitambaa cha pamba, viraka viwili.
Mfinyanzi hulia gaeni.
Kicheko kinamkauka.

Nyuma ya pazia, kimya.
"Perrine! Mwambie Bwana kwamba dada, shangazi na binamu
wanadaiwa faranga sitini na mbili."

Masikio yake yanaiva kama beti.
Anainama juu ya meza, ananong'ona:
"Sina dada. Zote ziko kitandani kwangu.
Mimi nalala kitini."

Namfungia boksi. Nakaza kamba.
Hariri ya samawati imebaki rafuni;
ndani nimetia utepe wa kupimia tu,
una fundo pale kichwa changu kinapoishia.

Anaondoka na mvua yake.
Boksi ni jepesi mno, wala hashtuki.

"Mia na nne," asema Bibi Gaudry.
"Mia na tano. Perrine, utepe wangu uko wapi?"