Gari Lisilo na Milango

Semhina wa uwakala kanipigia tena.
Kaanza na salamu ndefu, ya wazazi, ya watoto, ya mifugo nisiyokuwa nayo,
nami najua: salamu ikirefuka hivyo, nyuma yake hakuna kitu.
"Mama Mkate, kiwanda kimegoma."
Nikamuuliza, kiwanda hugoma? Chuma kimekataa?
"Watu, mama. Wafunga nati. Wameweka spana chini."

Basi gari langu liko huko, mji nisioweza kuutamka,
kwenye mstari, la kumi na moja kutoka mwisho.
Lina injini, lina usukani, halina milango.
Ndivyo alivyonieleza, labda kwa kunituliza.
Tangu hapo nikifumba macho naliona:
jeupe, ubavu wazi kama nyumba iliyotembelewa na wezi,
upepo wa ugenini unapita palipotakiwa kukaa mikate yangu.

Nililipa nusu, mwezi wa Machi.
Nusu hiyo ni miaka sita ya kuamka saa tisa usiku,
ni bangili za marehemu mama, ni kiwanja cha Pongwe.
Risiti naiweka ndani ya kopo la hamira.
Mchoraji wa Makorora keshaandika jina langu juu ya kibao cha majaribio;
herufi zinangoja mlango.
Banda nililifagia. Kuku wamehamia.

Mwanzoni niliwalaani, nakiri.
Nilikanda unga nikiwapiga wao humo ndani:
watu wana mshahara, wana bima, wana viatu vya kazi,
wanataka nini tena?
Donge halikujibu. Liliumuka tu.

Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, mkate hutoka kwa baiskeli.
Saa kumi na moja alfajiri, vijana wanne,
sanduku la mbao nyuma, kengele mbele.
Shehoza huenda Chumbageni, Mbaruku Mabawa,
Kidoto Raskazone, kwenye mageti yenye mbwa,
na Kopwe, mdogo wao, Duga,
ambako lami inaisha na mikate inajifunza kuruka.

Sijawaambia kwamba gari huhitaji dereva mmoja.
Sijawaambia, ila banda lililofagiwa wameliona.

Kila siku Kopwe hukaza kamba ya sanduku,
huuliza bila kuniangalia:
"Mama, gari limefika?"
"Bado. Wamegoma."
"Bado wamegoma?"
"Bado."
Naye hupiga kengele, mara moja, na njia ni tupu.

Juzi nilimkuta kwa fundi redio, kainamia taarifa ya habari.
"Wakipewa nusu ya wanachodai," aliuliza, "watarudi kazini wenzetu?"
Wenzetu.
Hajui wanaitwa nani, wanakula nini, wanaomba kwa lugha gani.
Nilinunua betri nisizozihitaji, nikatoka.

Waja leo waondoka leo, ndivyo usemwavyo mji huu.
Gari langu limeshindwa hata lile neno la kwanza.

Leo Semhina ana jipya:
liko moja Dar, la kijivu, limekamilika, milango yote,
mtu kaikimbia oda yake.
"Ongeza milioni nne, mama, Ijumaa linalala kwako."
Nikamwambia nina unga mikononi, nitampigia baadaye.

Mikono yangu ilikuwa mikavu.