Ikisimama, Husimama Vipi

Wanaume wa gereji za Wadi Kabir
huinamia boneti yangu na kuuliza:
"Ina farasi wangapi?"
Hajatokea bado wa kuuliza:
ikisimama, husimama vipi?

Mimi nililijua jibu nikiteremka Jabal Akhdhar.
Pedali iliniachia, mguu ukazama
kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Gia ya tatu, ya pili, injini ikapiga ukelele,
harufu ya kuungua ikanijaa puani,
nikaingia kwenye kile kilima cha changarawe
walichotuwekea sisi wapumbavu.
Nikakaa humo nusu saa
nikizisikiliza diski zikipoa: tik. Tik.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
mama hapendi methali nyingine.
Ila ukingoni wengine hukuta changarawe,
wengine hunikuta mimi,
zamu ya usiku, wodi ya majeruhi,
mkasi mkononi, naipasua kanzu kuanzia pindoni,
na nje ya pazia kuna mama wa mtu.
Kilio kile sikielezi.

Ghuneim hakunicheka.
Kakulia Chake Chake, husema kama anayehesabiwa maneno,
hufutia mikono kipande cha kanga
ambacho jina lake limeshakwenda na grisi.
Nilimwonyesha picha: kalipa nyekundu, pistoni sita,
bei yake mishahara yangu miwili.
"Hiyo rangi ya mdomo," akasema.
"Kwanza tutazame kinachopita ndani."
Akalegeza nati ya kutolea upepo.
Yakatoka meusi, chai iliyolala.

"Mafuta ya breki yana kiu, Thuwaiba.
Hunywa unyevu wa Maskati mwaka mzima,
yakipata moto yanachemka,
yakichemka yanazaa mvuke,
na mvuke hauna mfupa.
Wewe ulikuwa unakanyaga mvuke."

Basi tukaweka mapya, yasiyochemka upesi.
Mipira ya zamani, inayovimba kama shingo ya mgomvi,
tukaitoa, tukafunga ya kusukwa kwa waya wa chuma.
Diski mpya, wazi, bila matundu ya urembo.
Kwenye pedi tulibishana hadi adhuhuri.
Mimi nilitaka zile za mashindano.
"Hizo haziumi zikiwa baridi," akasema,
"zataka moto kwanza,
na mtoto akikatiza asubuhi Al-Khuwair
utamwambia asubiri zipate moto?"
Nikanyamaza. Tukachukua za katikati.

Usiku ule nikaenda kuzioanisha, barabara ya Al-Amerat,
saa nane, mimi na malori mawili.
Mia moja, kanyaga, hadi thelathini. Usisimame.
Mia moja tena. Mara kumi.
Ukisimama zingali moto, pedi hubandika alama yake kwenye diski,
na usukani utakukumbusha kila siku.
Kisha nikaendesha taratibu, madirisha wazi,
hadi harufu ikatoka.

Ijumaa, uwanja wa Seeb.
Kibao cha mita mia: huwa naachia hapo.
Safari hii nikakipita. Themanini. Sabini.
Nikakanyaga, na pedali ilikuwa jiwe,
mkanda ukanikaba kifua,
nikaiona kona nzima, imetulia, inanisubiri.
Nikacheka peke yangu ndani ya helmeti.
Mizunguko mitano, kisha mmoja wa kupoza,
alivyoniagiza.
Nilipoegesha sikuvuta breki ya mkono.
Hilo pia aliniagiza.

Jumamosi alfajiri naelekea kazini, pedi baridi,
kila kituo gari inapiga kiyowe mtaa mzima.
Bi Raya kachungulia dirishani, mtandio kichwani:
"Mwanangu, breki zako zinalia!"

Ziache, Bi Raya.
Afadhali zilie hizi.